Matairi ya meno makubwa hayashiki lami kuliko mengine

Ndugu Mhariri,

Kwenye ukurasa wenu wa magari wa wiki iliyopita, mwandishi aliwashauri wasomaji kwamba anayetaka gari lisiteleze anunue matairi ya kashata kubwa (kashata ni ule mchoro wa meno na mifereji kwenye uso wa tairi), yale yenye meno kama ya trekta, kwa kuwa eti ndiyo yanayoshika zaidi. Mimi kazi yangu ni kufunga matairi na kufanya alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Wateja wamezoea kuniita Mama Matairi. Jumatatu asubuhi, kompresa hata haijajaa upepo, kijana mmoja alikuja na kipande hicho cha gazeti mkononi. Ana gari dogo la kutembelea, anaendesha kwenye lami tupu kwenda kazini na kurudi, na anataka tairi la kupandia mlima wa matope. Kumtoa kwenye wazo hilo kulinila asubuhi nzima. Naandika kwa sababu siwezi kubishana na wasomaji wenu wote mmoja mmoja.

Kinachoshika lami ni mpira. Mfereji haushiki kitu, kwa kuwa mfereji ni nafasi tupu. Mpira hushika kwa kugandamana na lami na kwa kujibonyeza katikati ya vijiwe vyake, kwa hiyo kwenye lami kavu kila sehemu ya mpira uliyoikata ukaitupa ni sehemu iliyoacha kufanya kazi. Ndiyo maana magari ya mashindano hukimbia kwenye lami kavu kwa matairi yasiyo na mfereji hata mmoja. Mwaka 1998, wasimamizi wa Formula 1 walipotaka kupunguza mwendo wa magari kwenye kona, moja ya hatua walizochukua ilikuwa kulazimisha mifereji kwenye matairi ya lami kavu: mitatu mbele na minne nyuma, na mwaka uliofuata minne kote. Mifereji ile iliwekwa makusudi ili gari lishike kidogo. Matairi laini yalirudi mwaka 2009.

Asije mtu akasema Mama Matairi amehalalisha vipara, yaani matairi yaliyolika hadi mifereji ikaisha. Yale ya mashindano yana mpira wa aina yake, na mvua ikianza kunyesha gari huingia pembeni yakabadilishwa. Wewe na mimi hatuna mafundi wanaotusubiri kando ya barabara.

Kashata ipo kwa ajili ya maji, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua tairi la upana wa sentimita 20 likitembea kilomita 90 kwa saa juu ya maji ya kina cha milimita 3. Mwendo huo ni mita 25 kila sekunde, kwa hiyo kila sekunde tairi hilo linakutana na lita 15 za maji. Eneo linalogusa barabara lina urefu wa kama sentimita 15. Maana yake ni kwamba kila kipande cha mpira kinakuwa chini kwa sehemu 6 tu katika elfu moja za sekunde, na katika muda huo maji yanatakiwa yawe yameshapisha. Tairi jipya lenye mifereji mikuu minne, kila mmoja upana wa milimita 10 na kina cha milimita 8, lina njia ya kupitisha lita 8 kwa sekunde. Yanayobaki husukumwa mbele na pembeni. Tairi hilohilo likilika hadi milimita 1.6, mifereji yake inapitisha lita 1.6. Tairi ni lile lile, dereva ni yule yule na mwendo haujabadilika.

Milimita 1.6 ndiyo mwisho wa kisheria Uingereza na katika nchi za Umoja wa Ulaya. Ukichungulia ndani ya mifereji ya tairi utaona vinundu vidogo vilivyowekwa kwa kimo hicho. Kashata ikilingana navyo, tairi limekwisha. Wateja wangu nawaambia waanze kujipanga likifika milimita 3, maana mvua haisubiri kinundu.

Maji yakizidi uwezo wa mifereji, tairi linapanda juu yake na kuelea. Usukani unakuwa mwepesi ghafla, na breki haina la kufanya kwa sababu hakuna lami iliyoguswa. Hapo upepo uliojazwa ndani ya tairi nao unaingia kwenye hesabu. Mwaka 1963 watafiti wa NASA, Walter Horne na Robert Dreher, walichapisha kanuni iliyotokana zaidi na matairi ya ndege: mwendo wa kuanza kuelea unapanda kadiri upepo wa tairi unavyopanda. Kwa PSI 32 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi) kanuni hiyo inatoa kama kilomita 94 kwa saa. Kwa PSI 20 inashuka hadi kama 75. Kwa hiyo anayepunguza upepo ili "tairi likae vizuri chini" wakati wa mvua anajitafutia balaa.

Sasa nirudi kwa kijana wangu na meno yake ya trekta, maana mvua si yote. Hata siku ya jua kali angeyajutia.

Chukua kifutio kirefu cha penseli, kisimamishe mezani, ukibonyeze kichwani na ukisukume upande. Kinapinda kwanza, halafu ndipo kinasogea. Kikate kibaki kifupi, ukisukume tena: kinasogea papo hapo. Kila jino la kashata lina tabia hiyo. Tairi la matope lina meno marefu, yaliyoachana, kila moja limesimama peke yake. Ukizungusha usukani, meno yanapinda kwanza, ubavu wa tairi unafuata kujikunja, na gari linageuka mwisho. Dereva anahisi kama usukani umelegea, anaongeza kidogo, kisha gari linaitikia kwa pamoja na kupita alipotaka. Anarudisha, linazidi upande wa pili. Kwenye kupishana na lori hilo si jambo dogo. Na ukifunga breki kwa nguvu, jino refu linainama, ukingo wake mmoja unabonyezwa sana na ule wa pili unanyanyuka, kwa hiyo hata ule mpira kidogo uliopo haugusi lami wote. Baada ya muda meno yanalika kama msumeno, ukingo mmoja chini na mwingine juu, na gari linaanza kuvuma hadi mwenyewe anadhani ni bearingi.

Jambo hili la meno kupinda linaeleza pia lawama ninayoisikia kila mara: "Mama, tangu umenifungia mapya gari limekuwa zito kuitika." Anasema kweli. Tairi jipya lina kashata ndefu kuliko alilolivua, na pia huwa na utando wa mafuta ya kiwandani ambao unaisha baada ya kulitembeza kwa upole kwa muda. Anayekumbuka jinsi gari lilivyokuwa kali kwenye kona wiki iliyopita anakumbuka tairi lililokuwa nusu limelika. Kwenye lami kavu tairi la namna hiyo ni tamu kweli, linajibu kabla hujamaliza kuwaza. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, kwa sababu utamu wake unaongezeka siku zile zile ambazo uwezo wake wa kutoa maji unakwisha.

Mbunifu wa tairi hucheza kati ya mambo hayo mawili. Tazama katikati ya tairi zuri la lami: utaona mkanda wa mpira usiokatika, au uliokatwa kidogo sana, unaozunguka tairi lote. Huo ndio unaoliweka gari kwenye mstari na kulifanya liitike usukani ukiguswa kidogo tu. Mabegani utakuta vipande vipana, vizito, kwa sababu kwenye kona uzito wa gari unahamia bega la nje. Matairi mengi ya kisasa yana sura mbili: upande wa nje una mpira mwingi na mifereji michache kwa ajili ya kona, upande wa ndani una mifereji mingi kwa ajili ya maji. Ubavuni huandikwa "OUTSIDE", na neno hilo lazima lionekane ukiwa umesimama nje ya gari. Nimeshafungua magari yenye neno hilo limetazama chasi.

Halafu kuna yale ya mishale, yenye kashata ya umbo la V. Mishale inaonyesha upande wa kuzunguka. Ncha ya V inatakiwa iguse barabara kwanza, ili maji yasukumwe kutoka katikati kwenda pembeni. Likifungwa kinyume, mikono ya V inayakusanya maji na kuyaleta katikati. Niliwahi kuletewa gari ambalo mwenyewe alilalamika kwamba mvua ikinyesha linakuwa kama linaogelea. Lilikuwa limetoka kuhamishiwa matairi kwa msalaba kwenye gereji nyingine, ya kushoto yamekwenda kulia bila kuvuliwa kwenye rimu. Kuhakikisha hakuhitaji fundi. Simama mbele ya gari, tazama tairi la mbele: ncha ya V ielekee chini. Ukienda nyuma ya gari ukatazama tairi la nyuma, ncha ielekee juu. Na kwa kuwa nimefika hapo, Mhariri, ile picha kubwa mliyoiweka juu ya makala, iliyopigwa kutoka mbele ya gari, ncha ya V ilikuwa imetazama angani.

Ile mikato myembamba kama ya wembe inayoonekana juu ya kila kipande si pambo. Mmarekani John F. Sipe aliisajili kama uvumbuzi mwaka 1923. Kila mkato unaongeza kingo za kufuta utando wa maji unaobaki baada ya mfereji kumaliza kazi yake, na kwenye theluji ndiyo inayong'ata. Lakini ukikata sana, kipande kinakuwa laini na kile kifutio kinarudi. Siku hizi mikato hiyo ndani yake ina mawimbi, ili gari likiegemea, kuta zake zifungane na kutegemezana. Kuhusu kelele niseme kwa ufupi: vipande vya kashata havilingani urefu ukizunguka tairi, na imefanywa hivyo makusudi ili sauti zao zisijumuike kuwa mlio mmoja. Pima kwa rula, utaona.

Je, yale ya meno makubwa hayana kazi? Yana kazi, na kwenye tope sina mbadala wake. Tope linataka jino refu la kuchimba mpaka kwenye udongo mgumu, na nafasi pana kati ya meno ili tope lirushwe nje tairi linapozunguka. Kashata ya lami kwenye tope inajaa kwa dakika moja ikawa kipara. Mchanga lakini ni habari nyingine, na hapa hata madereva wazoefu hukosea: kwenye mchanga jino refu linakuchimbia kaburi. Kule unataka tairi lipanuke na kuelea juu, kwa hiyo unapunguza upepo, ukirudi kwenye lami unaujaza kabla ya kukimbia. Kwa anayegawa safari zake kati ya changarawe na lami kuna kashata za kati, meno ya wastani yaliyounganishwa katikati. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sidhani walikuwa wamekutana na tairi.

Suala linaloniletea ugomvi kuliko yote ni hili: mtu amenunua mawili mapya, yafungwe wapi? Karibu kila mtu anasema mbele. Mzee mmoja, dereva wa siku nyingi, alinikalia kooni: "Mama, usukani uko mbele, injini iko mbele, breki kubwa ziko mbele, na wewe unayapeleka mapya nyuma?" Nikamjibu, "Mzee wangu, mbele ikiteleza utaijua mikononi. Nyuma ikiteleza utaijua ukiwa umeshageuka."

Nifafanue, maana mwandishi wenu naye aliandika mapya yaende mbele. Kwenye kona yenye maji, matairi ya mbele yakiwa ndiyo mabovu, gari linakataa kugeuka na kutaka kunyooka. Inatisha, lakini dereva yeyote, hata mwanafunzi, atainua mguu kwenye mafuta bila kufundishwa. Mwendo unapungua, uzito unakuja mbele, matairi yanashika tena. Yakiwa mabovu ya nyuma, yale mapya ya mbele yanakata maji vizuri na kugeuza pua ya gari, huku mkia unaelea. Gari linazunguka. Ukiinua mguu kwa hofu, uzito unatoka nyuma na mkia unazidi kukimbia, yaani kitendo kile kile kilichokuokoa upande wa kwanza ndicho kinachokumaliza huku. Ndiyo sababu Michelin na watengenezaji wengine wanashauri yenye kashata nyingi zaidi yawe nyuma, hata kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele. Yule mzee tulikubaliana, ingawa alisisitiza nimwandikie kwenye risiti kwamba ni wazo langu.

Kashata pia hubadilishwa umbo na uzembe wetu, na mbunifu wa tairi hana la kujitetea. Upepo ukizidi, katikati inakwisha na ule mkanda wa kati unakuwa kipara. Upepo ukipungua, mabega yote mawili yanakwisha na katikati inabaki inakudanganya kwa kina chake. Bega moja tu likiisha, njoo alaimenti. Yakiwa mashimo mashimo, angalia shokomzoba. Pitisha kiganja juu ya kashata kwenda na kurudi. Upande mmoja ukiwa laini na wa pili unakwaruza, magurudumu hayajanyooka. Kwa hiyo ukipima kina, pima sehemu tatu za upana.

Kuna wanaochonga. Wanachukua tairi la gari dogo lililokwisha, wanachora mifereji upya kwa kisu cha moto, kwa mbali linaonekana jipya. Chini ya kashata ya gari dogo kuna milimita chache za mpira kabla ya kufika kwenye nyuzi za chuma. Ukichonga unakula kinga ya nyuzi hizo. Maji yanaingia, chuma kinapata kutu, na siku ya joto na mwendo mkali kashata inabanduka. Matairi ya malori yaliyotengenezwa kuchongwa yapo, na huandikwa "REGROOVABLE" ubavuni. Lisiloandikwa lisiguswe. Mteja akiniletea la kuchonga ninamrudisha nalo, na kisu hicho kwangu hakipo.

Vilevile kina peke yake si cheti cha uzima. Tairi linaweza kukaa stoo miaka likatoka na kashata zote, lakini mpira umekauka. Mpira mgumu haujibonyezi kwenye lami, na tumeshakubaliana kwamba mpira ndio unaoshika. Tafuta herufi DOT ubavuni, uzifuate mpaka mwisho: tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa 3 tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na sitaki kusikia kwamba bado ni zima.

La mwisho ni kwa wenye magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne kwa wakati mmoja. Tairi lililopoteza milimita 6 za kashata limepungua kimo. Kwa gurudumu la kawaida hiyo ni karibu asilimia 2 ya mzingo, kwa hiyo kila kilomita 100 linazunguka kama kilomita 2 zaidi ya wenzake. Tofauti hiyo inabebwa na difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, saa zote, na yenyewe haikutengenezwa kufanya kazi hiyo mfululizo. Fungeni manne yanayolingana, na spea yenye kashata mpya kabisa iwe ya kukufikisha kwa fundi tu, kisha irudi nyuma ya gari.

Msomaji wenu,
Fundi wa matairi na alaimenti